Mtandao Umekatikia Wapi?



Mmeniita nizungumze kuhusu intaneti ya nyumbani na usumbufu wake. Nashukuru, maana hili si jambo la starehe tena. Intaneti ikikata katika nyumba ya Mbezi, ya Likoni au ya Mwanakwerekwe, haisimami filamu peke yake. Mwanafunzi anashindwa kutuma kazi yake na mwisho wa kuipokea ni saa sita usiku. Mama anayeuza vitenge kwa picha hawezi kuwajibu wateja, nao wanahamia kwa mwingine. Kijana aliyeitwa kwenye usaili wa video anaonekana kwenye skrini ameganda, mdomo wazi. Hayo ni mambo ya riziki za watu.

Kinachoniuma zaidi ni muda unaopotea. Mtandao ukikata, nyumba nzima inaanza kubahatisha. Mmoja anazima ruta, mwingine anabadilisha nenosiri, wa tatu anachomoa waya asioujua unakwenda wapi, na baada ya nusu saa tatizo moja limezaa matatu. Tunamsaka mchawi na hatujamuuliza mgonjwa anaumwa wapi. Ndiyo maana nimekuja na jambo moja, na mengine yote nitakayosema yanalitumikia hilo: kabla hujauliza nini kimeharibika, uliza pameharibika wapi.

Tuitazame njia yenyewe. Ukifungua ukurasa, ombi lako linatoka kwenye kompyuta, linapita hewani au kwenye waya mpaka kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta linaingia kwenye faiba, au kwenye antena iliyo juu ya paa, mpaka kwa kampuni inayokuuzia huduma. Kampuni inalipitisha kwenye mitambo yake na pengine kwenye waya ulio chini ya bahari, linafika kwenye kompyuta ya mbali yenye ukurasa huo, na jibu linarudi. Sehemu hizo zote zinaweza kupimwa moja moja. Fundi mzuri hana siri nyingine zaidi ya kuzipima kwa mpangilio, akianzia karibu na kwenda mbali.

Kipimo cha kwanza hakihitaji utaalamu. Uliza nyumbani: "Na kwako imekata?" Kama simu ya dada yako inafungua kurasa kwa waifai ileile, na wewe umekwama, basi kwa kawaida ruta, faiba na kampuni vyote havina kosa. Tatizo liko kwenye mashine yako, usimsumbue mtu wa huduma kwa wateja. Kama vifaa vyote vimekata, tazama kwanza kama bando au malipo ya mwezi yamekwisha. Nasema hivi kwa uzito wote, kwa sababu mara nyingi jibu huwa ni hilo, na mtu mzima huona haya kuliuliza.

Kama malipo yapo, tumia kifaa cha kupimia kilichomo tayari ndani ya kompyuta yako. Desemba 1983 Mmarekani Mike Muuss, aliyefanya kazi katika maabara ya jeshi huko Maryland, alikuwa akisumbuliwa na mtandao wa kazini. Akaandika programu ndogo yenye kazi moja: inatuma ujumbe mfupi kwa anwani uliyoitaja, inangoja jibu, kisha inakuambia jibu limechukua muda gani kurudi. Inaitwa ping. Imepita miaka zaidi ya 40 na bado ipo kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye Linux, na kwa simu zipo programu za bure zinazofanya kazi hiyohiyo.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi ambalo watu huliogopa bure. Andika ipconfig. Kati ya mistari itakayotokea, tafuta ule ulioandikwa Default Gateway. Namba iliyo mbele yake ni anwani ya ruta yako, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Sasa andika ping, acha nafasi, andika namba hiyo. Ruta ikijibu ndani ya milisekunde chache, kipande cha kutoka kwako mpaka kwenye ruta ni kizima. Isipojibu kabisa, tatizo liko humo humo nyumbani mwako. Na ikijibu kwa kuyumba, mara milisekunde 3, mara 400, mara kimya, hapo waifai yako ni dhaifu, hata kama alama yake kwenye skrini inaonekana imejaa.

Ruta ikiwa imejibu vizuri, andika ping 8.8.8.8. Hiyo ni anwani ya Google iliyo wazi kwa watu wote. Ikijibu, laini ya kampuni iko hai. Ikikaa kimya ilhali ruta inajibu, tatizo limevuka ukuta wa nyumba yako. Hatua ya tatu ni kupiga ping kwa jina la tovuti unayoitaka. Hapa nitoe tahadhari: zipo tovuti zilizopangwa zisijibu ping hata zikiwa nzima, kwa hiyo jaribu majina mawili au matatu kabla ya kuhukumu. Kwa mistari hiyo mitatu, inayochukua kama dakika mbili, umeshajua uko upande gani wa tatizo. Watu wanalipa pesa nzuri kuambiwa jambo hilo.

Wakati mwingine namba inajibu lakini jina halijibu. Kompyuta haziitani kwa majina, zinaitana kwa namba. Zamani orodha ya majina yote na namba zake ilikuwa faili moja lililotunzwa California, mpaka mwaka 1983 Paul Mockapetris alipobuni utaratibu wa DNS, ambao unagawa kazi ya kutunza majina kwa mashine nyingi duniani. Nyumbani kwako ruta huuliza majina kwa mashine ya kampuni yako. Mashine hiyo ikiugua, intaneti yako ni nzima lakini kurasa hazifunguki. Ni sawa na simu iliyopoteza majina yote: laini inapiga vizuri, ila hujui umpigie nani kwa namba ipi. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya ruta au ya kompyuta, sehemu ya DNS, na kuandika 8.8.8.8, au 1.1.1.1 ya Cloudflare, au 9.9.9.9 ya Quad9. Ni bure. Nimeona ofisi ndogo ikipoteza asubuhi nzima kwa tatizo hili huku wafanyakazi wakisema faiba imekatika.

Kuna namba nyingine ambayo ningependa kila mtu hapa aijue kwa kichwa. Ukiandika ipconfig na kuona anwani ya kompyuta yako inaanza na 169.254, maana yake kompyuta iliomba anwani, hakuna aliyeipa, ikajipa yenyewe. Kazi ya kugawa anwani ni ya ruta, kwa utaratibu unaoitwa DHCP. Kompyuta yenye 169.254 inaweza kuonyesha kwamba imeunganishwa na isifike popote. Tafuta waya uliolegea, nenosiri la waifai lililobadilishwa, au ruta iliyoganda. Hapo kuzima ruta na kuiwasha tena baada ya nusu dakika kunasaidia kweli, na utajua kwa nini kumesaidia.

Kugawa anwani ndiko kunakoleta tatizo linalowachanganya hata mafundi wa mtaani. Niliitwa kwenye nyumba ya ghorofa moja ambako intaneti ilikuwa inafanya kazi kwa baba, kwa mama haifanyi, kesho yake kwa mama inafanya na kwa baba haifanyi. Familia ilikuwa imeshaanza kulaumiana nani anamaliza bando. Kumbe walinunua ruta ya pili ili juu nako mtandao ushike, wakaichomeka kwenye ile ya chini kwa waya, tundu la LAN kwa tundu la LAN, na ikawaka bila shida. Sasa ruta mbili zilikuwa zinagawa anwani katika nyumba moja, tena zote mbili zikijiita 192.168.1.1. Kifaa kilichojibiwa kwanza na ruta ya chini kilipata intaneti. Kilichojibiwa na ya juu kilipewa njia isiyokwenda popote. Tuliingia kwenye ruta ya juu tukaipa anwani 192.168.1.2, tukazima DHCP yake, basi. Ruta nyingi za siku hizi zina mpangilio wa Access Point unaofanya yote hayo kwa mguso mmoja. Mkinunua ruta ya pili, muulizeni muuzaji kama inao mpangilio huo, kabla hamjalipa.

Jambo jingine linatuhusu sana sisi tunaonunua kompyuta za mtumba. Kurasa zote zinakataa kufunguka, zinasema muunganisho si salama, lakini ping inajibu vizuri. Tazama saa ya kompyuta, pembeni chini. Ikionyesha mwaka 2009 au 2015, umempata mhalifu. Tovuti za sasa hujitambulisha kwa vyeti vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 inaviona vyeti hivyo kama ambavyo bado havijaanza kutumika, hivyo inavikataa. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mara nyingi CR2032, inayoilinda saa umeme usipokuwepo. Kwenye kompyuta ya miaka mingi huwa imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika usiku, asubuhi saa imerudi nyuma miaka. Rekebisha tarehe, kurasa zitafunguka papo hapo. Kisha nunua betri. Usikubali mtu akufutie Windows kwa ajili ya hilo.

Sasa tuje kwenye waifai, ambako nyumba zetu zina mambo yake. Mawimbi ya waifai ya kawaida yako kwenye gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Yale ya 2.4 yanapenya ukuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na yana msongamano. Ya 5 yana kasi lakini yanachoka haraka yakikutana na ukuta. Nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, au ya Mji wa Kale wa Mombasa, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene mno. Ruta ukiiweka chumba cha mbele, chumba cha tatu hakipati kitu, na hakuna ruta ya bei kubwa itakayoubadilisha ukuta. Hapo dawa ni waya. Pitisha kebo ya mtandao mpaka chumba cha ndani, weka kifaa cha pili huko. Kebo hiyo inafaa kwa umbali wa mpaka mita 100, inayotosha nyumba yoyote. Wanaoishi chini ya mabati nao wajue kwamba bati hurudisha mawimbi, kwa hiyo antena iliyo chini ya paa haitafika kibanda cha uani kwa urahisi.

Tafadhali iondoeni ruta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati na juu ya friji. Wengi tunaificha kwa sababu haipendezi sebuleni. Iwekwe juu, mahali pa wazi, karibu na katikati ya nyumba. Na kama intaneti inasuasua kila chakula kinapopashwa moto, hujakosea kufikiri: oveni ya maikrowevu hutumia mawimbi ya karibu gigahezi 2.45, jirani kabisa na waifai ya 2.4, nayo huvuja kidogo. Kwenye maghorofa yenye ruta nyingi, ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11. Kwenye 2.4 chaneli zilizo katikati ya hizo zinaingiliana, na aliyechagua chaneli ya 3 anajiumiza mwenyewe na majirani wa pande zote mbili.

Waya nao una ugonjwa wake. Ndani ya kebo ya mtandao kuna nyaya nane nyembamba, jozi nne. Ili upate kasi ya gigabiti moja kwa sekunde, zote nane lazima ziwe nzima. Panya akitafuna moja, au fundi akiibana vibaya kwenye kichwa cha plastiki, mara nyingi kebo haifi: inashuka mpaka megabiti 100, kimya kimya, na mwenye nyumba anaendelea kulipia kasi asiyoipata. Faiba ni nyeti zaidi. Uzi wa kioo ulio ndani yake una unene wa milimita 0.125. Ukiukunja mkunjo mkali, mwanga unatoroka pale kwenye mkunjo. Kwa hiyo taa ya LOS kwenye kifaa cha faiba ikiwaka nyekundu, usikimbilie simu kwanza. Ufuate waya kwa macho kuanzia kwenye kifaa mpaka unapotoka nje. Mara nyingi mguu wa kabati umeukalia, au mtoto ameufunga fundo. Ukiwa haujabanwa popote na taa bado ni nyekundu, piga simu, na hilo la taa liwe la kwanza kulisema.

Ruta inayojizima na kujiwasha mara kwa mara, angalia adapta yake. Ruta nyingi zinataka volti 12, nyingine 9, nyingine 5, na vichwa vya adapta hufanana. Mtu akiazima ya kisimbuzi cha televisheni yenye kichwa kilekile, ruta itateseka au itaungua. Volti zimeandikwa chini ya ruta na juu ya adapta. Zilingane.

Naomba pia mkiheshimu kile kitundu kidogo nyuma ya ruta kinachoandikwa Reset. Kuzima na kuwasha ni jambo moja, kubonyeza kitundu hicho kwa sindano ni jambo jingine kabisa. Ukikishikilia kwa sekunde kumi hivi, ruta inafuta kila kitu: jina la waifai, nenosiri, na, kwa wengi, jina la mtumiaji na nenosiri ambavyo ruta hutumia kujitambulisha kwa kampuni. Hivyo vya mwisho aliviingiza fundi siku ya kufunga huduma, na hakukuachia. Tatizo la dakika tano linakuwa la siku tatu za kumngoja.

Kuhusu kasi nitasema machache. Kampuni huuza kasi kwa biti, kompyuta huonyesha mafaili kwa baiti, na baiti moja ni biti nane. Huduma ya megabiti 20 inashusha megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa hiyo filamu ya gigabaiti moja inahitaji karibu dakika saba hata mambo yakiwa mazuri kabisa. Hakuna aliyekuibia. Ukitaka kupima kasi kwa haki, pima kwa waya, kompyuta ikiwa imechomekwa kwenye ruta, na vifaa vingine vimezimwa. Na mtandao unapokuwa mzito usiku, angalia kama simu ya mmoja wenu haipandishi picha za harusi nzima kwenda kwenye hifadhi ya mtandaoni. Njia ya kupandishia huwa nyembamba kuliko ya kushushia, na ikijaa inakwamisha hata wanaoshusha.

Kisha kuna siku ambazo hakuna cha kurekebisha nyumbani. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya mbili za baharini zinazotuhudumia, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani wengine wakapungukiwa intaneti, wengine kwa siku kadhaa. Siku ile ruta ya mtu haikuwa na kosa lolote, na bado watu walizima ruta zao na kuziwasha mchana kutwa. Aliyejua kupima aliona ruta inajibu, aliona tovuti za karibu zinajitahidi, aliona za mbali zimekufa, akaelewa kwamba jambo ni kubwa kuliko sebule yake. Mtandao ukivunjika kwa sura hiyo, tulia, tumia data ya kampuni nyingine kama unayo, na usibadilishe chochote. Mipangilio utakayoiharibu leo ndiyo itakayokukatia mtandao kesho huduma ikirudi.

Nimevizungumzia vipimo kwa muda mrefu kwa makusudi. Mteja anayepiga simu na kusema "mtandao wenu mbovu" anaambiwa azime na kuwasha, kisha asubiri. Mteja anayesema "ruta inajibu kwa milisekunde mbili, 8.8.8.8 haijibu tangu saa mbili usiku, taa ya LOS si nyekundu, nimejaribu kwa waya" ameshamaliza nusu ya kazi ya fundi, na ni vigumu kumzungusha. Andika tarehe na saa kila inapokata. Kampuni ikiendelea kukupuuza baada ya kupewa nafasi ya kutatua, wasimamizi wa mawasiliano, yaani TCRA hapa Tanzania na Mamlaka ya Mawasiliano kule Kenya, hupokea malalamiko ya watumiaji, na lalamiko lenye tarehe na vipimo lina nguvu kuliko lenye hasira peke yake.

Ombi langu kwenu ni dogo. Msingoje mpaka mtandao ukatike. Mkifika nyumbani leo, wakati unafanya kazi, chukueni karatasi muandike anwani ya ruta, namba ya akaunti yenu, namba ya huduma kwa wateja, na taa zipi za ruta huwaka kwa rangi gani siku njema. Mpigieni fundi aliyewafungia huduma awape jina la mtumiaji na nenosiri la laini, nalo muandike. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati lililo karibu na ruta, na mwonyesheni kila aliye mkubwa wa kutosha kusoma mahali ilipo.